Mama Aliyefia Walungu

Mimi nilikufa mwaka 2008, siku ya Jumanne, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kuhesabiwa wakimbizi pale kambi ya Nakivale, Uganda. Aliyeniua ni mama yangu mdogo, Eugénie, ambaye watoto wangu wanamwita Koko, yaani bibi. Hakunitakia mabaya. Alifungua tu mdomo akasema sentensi moja, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikanyamaza kimya. Kosa ni langu kuliko lake, na nimeshachoka kujidanganya kwamba ni la mwingine.

Mambo yalianza hivi. Kwetu Kivu ya Kusini, Congo, mwanamke mzee halali peke yake nyumbani kana kwamba hakuzaa wala hana ndugu. Anapewa mtoto wa kumchotea maji, kumwashia moto na kumpigia soga. Mariette wangu alipotimiza miaka mitatu nilimkabidhi kwa Koko, nyumba yake hapo kambini ikiwa hatua arobaini kutoka kwangu. Kila asubuhi mtoto alikuja kwangu kunywa uji, na jioni akarudi kulala kwa bibi yake. Hapakuwa na ajabu yoyote.

Ajabu ililetwa na kuhesabiwa. Sheria ilisema kila mtu aandikwe kwenye kadi ya nyumba anayolala. Mimi, mume wangu Appolinaire na kijana wetu Parfait tulikuwa na kadi yetu. Koko na Mariette wangekuwa na yao. Tulipokuwa tunangoja, mtu mmoja aitwaye Nestor, ambaye alijua sheria za kambi kuliko waliozitunga, akageuka akatunong'oneza.

"Mukisema mama yake iko hapa, batamuandika mutoto kwa mama yake. Koko atabakia peke yake ku kadi. Museme ni yatima. Muzee mwenye kulea yatima, ule banamutazama wa kwanza. Nyumba ya mabati, blanketi, na akigonjwa banamupeleka ku hospitali ya Mbarara mbiyo."

Nilikuwa bado nafikiri wakati Koko alipofika mezani. Karani akauliza wazazi wa mtoto wako wapi, na Koko, bila hata kukohoa, akasema, "Mama yake alikufaka Walungu, mu vita. Baba hajulikane." Karani akaandika. Niliangalia kalamu ikitembea; sikuzoea kusikia habari za kifo changu nikiwa na afya njema.

Msaada ulikuja kweli. Koko alipata mabati na blanketi mbili, na kila mwezi chakula cha watu wawili. Lakini baada ya miezi michache tukasikia kwamba watu wa shirika la wakimbizi wanapita nyumba kwa nyumba kuhakiki kadi, na kwamba hawaulizi wakubwa, wanauliza watoto. Aliyegundulika amedanganya alifutwa, yeye na wote waliomsaidia kudanganya. Tangu siku ile hofu ilihamia kwangu, na mimi nikaihamishia kwa mtoto.

Nilimfundisha tukiosha vyombo. "Mama yako iko wapi?" Akicheka, nilimfinya sikio. Akisema "Uko hapa," nilimfinya zaidi. Mtoto wa miaka mitano! Nilimwambia kwamba akikosea jibu, Koko atafukuzwa na mvua itamnyeshea. Baada ya wiki mbili alijibu bila kupepesa macho. "Mama yangu alikufaka Walungu, mu vita. Niko na Koko tu." Nikamwambia pia asiniite mama tena, aniite Mama Parfait kama majirani. Akashika. Siku moja alianguka kwenye mawe akapasuka goti, akalia, "Mama Parfait!" na mimi mjinga nikafurahi kwamba somo limeingia.

Miaka minne ikapita hivyo. Mwaka 2012, mwezi wa saba, Mariette akiwa na miaka tisa, alishikwa na homa isiyokwisha. Siku ya kumi tumbo likavimba, likawa gumu kama ubao wa kufulia. Alikuwa anatapika maji ya kijani. Koko mwenyewe alikuwa amelala na malaria, hawezi hata kukaa. Appolinaire alikuwa Ngarama akichunga ng'ombe wa watu, na simu yake haikupatikana. Nilimbeba Mariette mgongoni mpaka zahanati na kadi ya Koko mkononi.

Muuguzi wa pale, Mbabazi, Mnyankole mpole, alimgusa tumbo mara moja tu. "Huyu lazima aende Mbarara sasa hivi," akasema. Kisha akatazama kadi. "Bibi yake iko wapi?"

"Iko mugonjwa, Musawo," nikamjibu, kwa jina wanalowaitia wauguzi huko.

"Na wewe iko nani?"

"Jirani," nikasema. Neno lilitoka lenyewe, lilikuwa limeshazoea njia.

Akaniandika kuwa msindikizaji. Gari la wagonjwa likatutoa kwa vumbi mpaka Rwekubo, likapita Isingiro na migomba yake, na muda wote Mariette alikuwa amelaza kichwa mapajani mwangu akiuma ncha ya kitenge changu asipige kelele. Nilimwomba Mungu kwa Mashi, lugha ya mama yangu, kwa sababu Kiswahili nilikuwa nimekitumia vibaya mno.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimpima, akaagiza apigwe picha ya tumbo, kisha akarudi akanikuta kwenye benchi.

"Nyabo," akaniita kwa heshima, "utumbo imetoboka. Tunapasua leo. Ikifika jioni, mimi siahidi kitu." Akanyoosha karatasi. "Wewe ni mama?"

Nilitazama ile karatasi. Mahali pa sahihi palikuwa wazi, mstari mmoja tu. Nikatazama kadi iliyokuwa juu yake, yenye jina la Koko na la Mariette na alama ya yatima. Ningesema mimi ni mama, kadi ingekuwa ya uongo, na Koko pale kitandani angepoteza kila kitu. Ningesema jirani, sahihi yangu haina kazi.

"Jirani," nikasema.

"Basi haiwezekani. Yatima anawekewa sahihi na mtu ya kwa kadi ama mtu ya shirika. Tumepigia ofisa simu. Iko njiani."

Nikangoja. Saa nne ikawa saa tano. Kwa mlango ulioachwa wazi nilimwona Mariette kitandani, miguu imekunjwa, midomo imekauka. Hakulia. Kama angelia ningepata nafuu. Saa sita ilipofika muuguzi mmoja alitoka mbio kumwita daktari. Nikajiambia: afutwe Koko, nifutwe mimi, tulale njiani sote, lakini huyu mtoto asife kwa sababu ya ulimi wangu. Nikamfuata daktari nikamshika koti.

"Daktari, nilikudanganya. Mi njo mama yake. Mi njo nilimuzala. Nipe kalamu."

Nyuma yangu mtu akasema, "Unasema nini, Mama?"

Ndiye alikuwa ofisa wa shirika. Jina lake Muhirwa, ameshika faili kwapani, viatu vimejaa vumbi la barabara. Daktari akamweleza. Muhirwa akanitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Asubuhi jirani, saa sita mama," akasema. "Mwaka jana mwanamke alikuja hapa na mtoto ya watu, akasema ni yake. Mpaka leo tunatafuta huyo mtoto. Sikiza. Kama huyu ni yatima, mimi naweka sahihi saa hii, anaingia kupasuliwa. Kama ana mama, basi kadi ni uongo. Napigia kambi simu, wanatuma watu kwa nyumba, wanauliza, wananijibu. Hiyo ni kesho."

Kesho! Kumbe uongo ulikuwa mlango, na mimi nilikuwa nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe nikidhani naufungua.

"Basi ni yatima," nikasema haraka. "Nilichanganyikiwa tu. Mi ni jirani. Mi ni Mama Parfait, uliza kila mutu."

Muhirwa akatikisa kichwa. "Wewe sikuulizi tena. Nitauliza mtoto."

Akaingia. Nilimfuata, akanisimamisha mlangoni kwa mkono. "Simama hapo. Usiseme neno. Usimwoneshe ishara."

Sijawahi kuogopa hivyo. Niliogopa tulipovuka mpaka usiku tukifuatwa na risasi, lakini pale nilikuwa na miguu ya kukimbia. Hapa maisha ya mwanangu yalikuwa mdomoni mwake mwenyewe, na mimi nilijua kitu ambacho Muhirwa hakukijua: mtoto mwenye maumivu humwita mama yake. Siku zote. Mzee akiumia humwita mama yake aliyekwisha zikwa, sembuse mtoto wa miaka tisa ambaye mama yake amesimama mlangoni anamwona. Angesema "Mama" mara moja tu, tungengoja mpaka kesho, na daktari alikwisha sema kuhusu jioni. Nilisali ili mwanangu anikane. Mungu anajua, nilisali hivyo, kwa nguvu zote.

Muhirwa aliinama kitandani. Sauti yake ilikuwa laini. "Mariette. Usiogope. Unaona huyu mama hapa mlangoni? Ni nani?"

Mariette akafumbua macho. Alinitazama. Midomo ilianza kufanya ile "m", niliiona. Nikashika fremu ya mlango. Nilifumba macho ili nisimpe ishara yoyote, nzuri wala mbaya.

"Mama Parfait," akasema. "Ni jirani yetu."

"Na mama yako iko wapi?"

"Mama yangu alikufaka Walungu, mu vita." Akavuta pumzi, ikamuuma, akaimalizia. "Niko na Koko tu."

Hakukosea hata neno. Muhirwa alinyanyuka, akapangusa uso kwa mkono, akaitia sahihi ile karatasi juu ya faili lake pale pale. Wakamsukuma Mariette na kitanda chake mbele yangu. Hakugeuza kichwa. Nilitaka hata kumgusa mguu, lakini Muhirwa alikuwa anatutazama.

"Wewe Mama," akaniambia walipopita, "sijui unataka nini na huyu mtoto. Jina yako nimeandika. Nitafika kambini mwenyewe. Mpaka hapo, kaa mbali na yeye."

"Ndiyo, Bwana," nikasema. Akaenda zake. Nilienda kukaa uani, chini ya kamba za nguo ambako wasindikizaji huanika mashuka, maana huko hakuna anayekuuliza wewe ni nani wa nani.

Masaa matatu. Nilihesabu mashuka, nikayahesabu tena. Nilifikiri: akifa, sina haki hata ya kumlilia. Wataniuliza jirani gani analia hivi. Maiti watampa Koko, na mimi nitasimama nyuma na wanawake wengine, nimeshika sufuria. Mambo hayo yalinijia kichwani moja baada ya jingine, na hakuna hata moja nililoweza kulifukuza.

Kitu cha saa kumi muuguzi mmoja akatoka, mwanamke mnene mwenye kandambili. "Mama Parfait ni nani hapa?"

Nilisimama. Nikainua mkono kama mtoto wa shule.

"Njoo. Amepona kwa kisu, sasa tunangoja homa. Lakini ameamka anaita wewe tu. Tumemwambia lala, hataki."

"Ofisa alinikataza," nikasema.

"Ofisa halali hapa na mgonjwa," akasema, akageuka, nami nikamfuata.

Mariette alikuwa na mpira puani na mwingine mkononi, tumbo limefungwa kitambaa cheupe. Alionekana mdogo kuliko siku nilipomkabidhi kwa Koko. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Alifumbua macho polepole, lakini hakunitazama mimi kwanza. Alitazama mlango, upande huu na upande ule, kuona kama kuna mtu.

"Alienda?" akauliza. Sauti ilikuwa kama ya karatasi.

"Alienda."

"Mama Parfait, nilijibu muzuri?"

Nikatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, machozi yakinidondokea juu ya shuka la hospitali. "Ulijibu muzuri, mutoto yangu. Ulijibu muzuri sana."

Akafikiri kidogo. Mkono wake usio na mpira ukapanda polepole, ukaenda kufunika sikio.

"Basi hautanifinya?"