Saa Iliyomhesabu Mke wa Seremala Kuwa Zoezi

Ile saa ya mkononi ililetwa na binti yao. "Baba, umri umesogea, hii itakupimia mapigo ya moyo," alisema. Seremala akaivaa, akaizoea, mpaka akawa anaringa nayo karakanani. Tatizo la saa ile lilikuwa kimbelembele. Ukitembea haraka kidogo, inaandika. Ukipanda ngazi, inakupongeza. Jamani, nani kaiuliza?

Asubuhi moja alikuwa anambeba mkewe, kama kila siku tangu miguu ya mama huyo ilipokufa ganzi miaka miwili nyuma. Kitandani hadi bafuni, bafuni hadi kitini, mwisho barazani, ambako mama alikuwa akisalimiana na mtaa mzima na kuwatania wapita njia. Mkono wake wa kushoto ukiwa chini ya magoti ya mkewe, saa ikatetemeka na kuwaka mbele ya macho ya mama. Mama akaisoma kwa sauti.

"Unanyanyua vyuma. Dakika kumi na mbili. Mapigo mia moja arobaini na nane. Hongera!"

Seremala akacheka. Mkewe hakucheka.

"Kumbe mimi ni vyuma."

"Achana nayo, kifaa tu hicho. Wewe mwepesi, hata sihisi."

Kesho yake alipoinama kumnyanyua, mama akaligeukia dirisha. "Leo sitoki. Niletee chai hapahapa." Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu hata bafuni hakutaka, akaomba beseni na kitambaa. Majirani wakaanza kuuliza, mbona baraza limepooza? Seremala akapata hofu ya kweli, maana aliyajua macho ya mtu anayekata tamaa.

Akaamua mchawi ni saa. Siku hiyo karakanani aliacha mlango wa kabati la watu haujapigwa randa, akaketi juu ya mbao, miwani puani, akampigia binti yake.

"Ingia kwenye mipangilio, baba. Shuka chini mpaka mazoezi. Kuna mahali pameandikwa kugundua mazoezi bila kuambiwa. Pazime."

"Nimezima. Imekuwa giza tupu."

"Umezima saa yote, baba!"

Mara ya nne ndipo alipofaulu. Binti akauliza kwa nini anaizima. "Inapayuka mno," akajibu, akakata simu.

Alifika nyumbani mapema, akanyoosha mkono mbele ya mkewe kama aliyeshinda kesi. "Nimeikomesha. Haitasema tena."

Mama akaitazama saa, kisha akamtazama yeye.

"Hiyo umeiziba mdomo. Wewe je? Miaka miwili unaniambia huhisi kitu. Ukiniweka kitini unakimbilia jikoni kushika kiuno, unadhani sikuoni. Mume wangu, humu ndani aliyeniambia ukweli ni saa peke yake."

Seremala alitaka kubisha. Alikasirika, akaona haya, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, machozi yakamlengalenga.

"Nachoka," akasema. "Mgongo unaniuma. Kuna siku magoti yanagoma kabisa. Nilinyamaza nikihofia utaona aibu kubebwa."

"Aibu ninayoiona ni ya kudanganywa. Unanifanya mtoto."

Nje, mtu alipita akiita jina la jirani.

"Nataka kutoka," mama akasema mwishowe, akamnyooshea mikono. "Lakini ukichoka, sema."

Akamnyanyua. Sebuleni, pale ambapo siku zote aliuma meno na kuongeza mwendo, alisimama.

"Nimechoka," akasema, sauti ikimtoka kwa shida, kana kwamba anakiri wizi.

"Basi nitue."

Akamweka kwenye kochi, akajibwaga kando yake akihema. Mama akamfuta jasho kwa upindo wa nguo yake, bila haraka, akamwegemea begani. Baraza lilikuwa hatua kumi tu mbele yao, na hakuna aliyeharakisha kwenda.