Mboga Zilizoshushwa Duarani

Habari hii nilisimuliwa na mdogo wangu Scolastika, Jumapili ya pili ya Januari mwaka huu, alipokuja msibani kwetu Masumbwe. Tulikaa nyuma ya nyumba tukichambua mchele wa watu wa matanga, na kila alipofika mahali pa kucheka aliangalia kwanza kama wafiwa wako mbali.

Scolastika anapikia wachimbaji chakula kule Rwamgasa, mwaka wa tisa sasa. Mtoto wake ni mmoja tu, Lusia, ameolewa Nkome kwa wavuvi. Krismasi iliyopita Lusia alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza binti huja kujifungulia kwa mama yake. Mama mkwe wa Lusia, mama yake Valerian, anaitwa Euphrasia. Huyu hakukataa. Alipiga simu tu.

"Mama Lusia, nesi amesema damu ya Lusia ni kidogo. Ale majani mabichi kila siku. Sasa huko machimboni kwenu majani mnayatoa wapi? Nasikia mnakula nsansa mpaka Pasaka."

Nsansa ni majani ya kunde tunayoyakausha juani. Ni chakula kizuri, mimi nimekulia hicho, lakini alivyolitamka neno lile ilikuwa kama anataja ugonjwa.

"Mboga zipo, Mama Valerian," Scolastika akajibu.

"Basi sawa. Krismasi tunakuja naye, na samaki tunaleta sisi. Wewe tuwekee mboga tu. Nikiona pana mahali pa mtoto kukaa, abaki kwako. Nikiona hapana, ninarudi naye."

Tangu simu ile Scolastika hakulala usingizi wa kueleweka. Anasema alikuwa anaamka anakaa kitandani, anahesabu siku, analala, anaamka tena.

Tarehe ishirini na tatu alfajiri akaenda Katoro sokoni. Hakungoja ya ishirini na nne, maana siku hiyo sokoni hubaki vilivyokataliwa. Alinunua kama mtu anayejua. Nyanya alichukua zile zenye ukijani kidogo mabegani. Kabichi aliwakataza wasizimenye majani ya nje. Karoti alitaka zenye udongo wake. Mchicha na mgagani alichukua vyenye mizizi, na majani ya maboga fungu kubwa. Akafunga viroba viwili, kimoja cha nyanya, karoti na kabichi, kingine cha majani, akavibeba mapajani njia nzima kama mapacha.

Saa sita mchana yuko Rwamgasa, na jua la siku ile lilikuwa la kugombana na watu. Nyumba yake ni ya mabati, juu bati, pembeni bati. Akaingiza viroba ndani, akavitoa. Akaviweka chini ya kitanda, akavitoa. Akaloweka gunia akavifunika, baada ya muda mfupi gunia limekauka na mgagani umeinama. Akaenda kwa Herman mwenye duka, aliye na friji.

"Mama, angalia mwenyewe," Herman akamfungulia. "Bia mpaka mlangoni. Nitoe bia niweke kabichi, wateja wangu watanichimbia kaburi leo leo."

Aliyemwokoa ni Marwa. Huyu ni Mkurya, mtu mzima mwenye watoto wake Tarime, analinda duara moja nyuma ya karasha, mashine ya kusagia mawe. Duara ni lile shimo la kuchimbia dhahabu. La Marwa lilikuwa limesimama tangu Novemba, pampu ya maji imekufa, tajiri wake amekwenda kwao kula sikukuu. Marwa alikuja kula mchana akamkuta Scolastika anapepea kabichi kwa sinia.

"Mama, hizo unazibembeleza?"

"Nyamaza wewe. Zitaoza hizi."

Marwa akala, akafikiri. Akasema kule chini mita kumi kuna mbao zimelazwa juu ya matimba, miti ile inayozuia udongo usiporomoke. Maji yako chini kabisa, hayafiki. Na hewa ya pale ni baridi kama alfajiri ya Juni.

"Nikuwekee huko. Krismasi asubuhi nakutolea."

Scolastika akakubali kabla hajamaliza kusema. Marwa akavichukua, akazungushiwa winchi ya kamba na mlinzi wa duara la jirani, akashuka, akavipanga juu ya zile mbao, akafunga kamba kwenye kiroba cha majani ili aweze kukivuta na kukimwagia maji. Scolastika hakwenda kuona. Kule wanawake hawasogei mdomo wa duara. Wachimbaji wanasema mwanamke akisimama pale, dhahabu inahama.

Sasa angekaa akatulia, haya yote yasingetokea. Lakini mdogo wangu namjua. Tarehe ishirini na nne, kabla jua halijapanda, yuko mlangoni kwa Marwa.

"Nenda kaangalie."

Marwa akaenda, akavuta kiroba, akachungulia, akanyunyizia maji, akashusha. "Ziko vizuri, mama."

Saa nne: "Marwa, hebu kaangalie tena. Yale ya maboga hayana subira."

Akaenda tena. Saa sita akamwita mara ya tatu, Marwa akalalamika, "Mama, hata mtoto mchanga hafunuliwi hivi," lakini akaenda.

Haya, fikiria wewe ni mchimbaji. Umekaa kijiweni siku ya mkesha, huna kazi. Unamwona mlinzi wa duara lililosimama anavuta kiroba kinachotiririka maji, anakifungua kidogo, anachungulia, anatabasamu, anakifunga upesi, anakirudisha shimoni. Na anafanya hivyo mara tatu, tajiri wake akiwa hayupo. Ungesema ni mchicha?

Saa nane Scolastika anapakua wali, mtu akapita anakimbia.

"Duara la Marwa limetema!"

Limetema, maana yake limetoa dhahabu. Mgahawani walikuwepo watu kumi na wanne. Kufumba na kufumbua sahani kumi na nne ziko mezani peke yake na wali wake. Scolastika akabaki na upawa mkononi. Halafu akaelewa.

"Mboga zangu!"

Akakimbia na upawa huohuo. Akakuta watu wamejaa, sururu juu, Marwa amezungukwa anaapa kwa jina la baba yake. Mmoja alikuwa amekwisha kushuka na anapiga kelele, "Vuteni! Kizito hiki!"

"Ni kabichi!" Scolastika akapaza sauti. "Jamani, ni kabichi zangu na nyanya!"

Wakacheka. "Kabichi za karati ngapi, mama?"

Kiroba kikatoka. Kila mtu akashika pembe yake, kikachanika, nyanya zikamwagika chini ya mabuti ya watu hamsini. Kabichi moja ikabiringika mpaka ikajibwaga shimoni, wakaisikia ikigonga maji.  Halafu mtu akaokota karoti, akaipangusa, akaitafuna.

"Kweli," akasema. "Karoti."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule wa chini akapanda naye acheke, ndipo wakaona Scolastika yuko wapi. Alikuwa amesimama mdomoni kabisa mwa duara, vidole vya miguu vimepita ukingo.

Ngusa, mkubwa wao, Msukuma mwenzetu, akaacha kucheka, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, rudi nyuma. Umeliharibu duara la watu."

"Kiroba changu cha pili kiko huko. Mtu ashuke anitolee."

Hakuna aliyesogea. "Hapo sasa hashuki mtu," Ngusa akasema, "na winchi hiyo haiguswi." Na kweli wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Mdogo wangu akavuta ile kamba ya majani mwenyewe, lakini katika vurugu ilikuwa imefunguliwa chini, ikaja nyepesi, bila kitu.

Akabaki Marwa. Marwa angeweza kushuka, lakini nani wa kumzungushia winchi, na mlinzi wa jirani naye amerudi nyuma? Scolastika akatazama nyanya zilizopondeka chini ya miguu ya watu. Akamtazama Marwa.

"Zungusha wewe. Nishushe mimi."

"Mama, tajiri akisikia mwanamke ameingia, atasema nimemuulia duara."

"Duara lako lilikufa Novemba, Marwa. Zungusha."

Akapitisha kanga katikati ya miguu akaifunga, Marwa akamvalisha kofia yake yenye taa, akamkalisha kwenye kigogo kilichofungwa mwisho wa kamba. Ana miaka hamsini na minne mdogo wangu. Anasema aliposhuka hakuomba Mungu, alikuwa anahesabu mafungu: mchicha matano, mgagani manne, maboga moja kubwa. Alipofika kwenye mbao akakuta kiroba kimesukumwa ukingoni kabisa, kinaning'inia. Akakikumbatia. Majani yalikuwa baridi, yamesimama, kama yamechumwa wakati uleule.

Alipotoka juu wanaume walikuwa wamesimama mbali kama watu wa kanisani. Ngusa tu ndiye aliyesema, "Nyie wanawake!" 

Usiku ule aliyanyunyizia maji yale majani, akiamka kila mara kuyagusa. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakulala hata robo saa.

Krismasi, wageni wakaingia saa nne asubuhi, Lusia mbele anatembea kwa kujishika kiuno, mumewe Valerian na sangara begani, Euphrasia nyuma na mwavuli. Hata hawajapewa maji, mtu akapita barabarani akapaza sauti, "Mama Kabichi, Krismasi njema!"

"Kabichi gani?" Euphrasia akauliza.

Scolastika akataka kudanganya, uongo ukamkwama. Akasema yote. Lusia akashika mdomo. Valerian, ambaye kwa heshima hakai karibu na mama mkwe, alikuwa nje na Marwa, wakamsikia anacheka huko.

Euphrasia hakucheka. Akaenda kwenye beseni, akashika jani la boga, akalivunja kikonyo, likalia ko.

"Bichi," akasema. "Nyanya?"

"Hakuna. Nitaunga kwa karanga."

Wakapika wote wawili, hawasemeshani, mmoja anachambua, mwingine anatwanga. Wakala. Lusia alimaliza mgagani bakuli mbili, akafuta na kidole. Mama yake alikuwa hali, anamtazama Euphrasia mdomo tu.

Mwisho Euphrasia akanawa mikono. "Mama Lusia. Ili mtoto ale mboga leo umeingia shimoni. Na wiki ijayo?"

"Nitakwenda Katoro."

"Na mgahawani atakaa nani? Na jua hili litakuachia mboga siku ngapi?"

 Scolastika anasema moyo ulimwenda chini kuliko ile kabichi.

"Mimi sitaki kurudi Nkome," Lusia akasema taratibu, akiangalia sahani. "Nataka kuwa na mama."

 Euphrasia akatazama nyumba: bati, bati, kitanda kimoja, mkeka.

"Basi abaki. Na mimi nabaki. Kila siku ya pili nakwenda sokoni mwenyewe, nachukua ya kula siku hiyo na kesho yake, hakuna cha kuhifadhi wala cha kushusha shimoni. Valerian atarudi na mwavuli wangu, hapa sioni kama utanisaidia." Akamgeukia mdogo wangu. "Unakoroma?"

"Sijui, Mama Valerian. Nalala peke yangu."

"Mimi nakoroma."

Mvua ikaanza saa tisa, kubwa, bati likapiga kelele mpaka watu wakaacha kuongea. Hewa ikapoa. Lusia akalala kwenye mkeka na mkono juu ya tumbo. Euphrasia akapanda kitandani na kitenge chake, akasema anajinyoosha tu, na kabla hajamaliza kujinyoosha akaanza kukoroma kweli, kwa nguvu. Scolastika akakaa mlangoni na sufuria ya kusugua mapajani. Akasugua kidogo. Akageuka akawaangalia wawili wale, akageuka tena kwenye sufuria, stilwaya ikamtoka mkononi, na kichwa kikaegemea bati, akalala.