Kwenda Misri Kumlilia Bulonza

Kwanza tuelewane: mimi sikutaka kwenda Misri. Mtu anayefanya kazi kwenye ghala la nguo Columbus, Ohio, saa kumi kwa siku, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa, akipewa likizo analala. Haendi kuchungulia makaburi ya watu asiowajua. Lakini mama yangu akishika jambo amelishika, na mimi ndiye mtoto wa kike, kwa hiyo mizigo yake ni ya kwangu.

Nasema mama yangu, na hapo ndipo penye maneno. Mama Emérence hakunizaa. Tulikuwa majirani kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma. Mimi ni Kavugho, mtoto wa Butembo, Kongo, yatima, nikila kwenye sufuria yake kwa sababu ya kwetu haikuwa tena na mwenyewe. Yeye alikuwa na watoto wawili, Précieux na Bulonza. Bulonza na mimi tulikuwa rika moja, miaka kumi na minne, kimo kimoja, na tuligombana kila asubuhi juu ya ndoo ya maji. Mwaka 2005 kesi yao ya kwenda Amerika ikakubaliwa. Wiki tatu kabla ya ndege, Bulonza akashikwa na malaria, na siku ya tatu akafa palepale nyumbani.

Wazee wa mtaa wakamkalisha mama chini. Ukiripoti kifo, wakamwambia, faili linarudi chini ya mafaili yote, na utakaa hapa miaka mingine mitano. Mzike kimya. Chukua huyu yatima, umpe jina. Picha ya kwenye faili ilikuwa ya zamani, ya mtoto mdogo mwenye kipara, nani angejua?

Basi Bulonza akazikwa alfajiri, pembeni ya shamba la mihogo la mtu, tukiwa watu wanne, bila msalaba na bila matanga. Mama alikatazwa kulia, maana nyumba za watu wa ofisi hazikuwa mbali. Alijaza kitenge mdomoni. Nilikuwa nimesimama karibu yake, nilimwona. Wiki tatu baadaye nikapanda ndege, naitwa Bulonza.

Miaka kumi imepita tangu hapo, na mpaka leo ni Bulonza. Leseni ya gari ni Bulonza. Hati ya uraia ni Bulonza. Hata yule kijana wa Louisville aliyetaka kunioa, alimchumbia Bulonza. Mama mwenyewe ananiita hivyo hata tukiwa wawili, kwa sababu nyumba za mbao za West Side, kule Buffalo anakoishi, zina kuta nyembamba, na Wakongo wa mtaa ule wana masikio. Ukikohoa Jumamosi, Jumapili kanisa zima linakupa pole.

Mambo yalianza mwezi wa kumi na moja, 2014. Mama alikuja kunitembelea Westerville, kando ya Columbus, ninakoishi, na jirani yangu Anti Agata akapita kunywa chai. Anti Agata ni Mtanzania, Mchaga wa Moshi, muuguzi, mama wa kupanga mambo. Hata msiba usio na kamati yeye hauelewi. Alikuwa anakusanya akina mama wa parokia kwenda Misri mwezi wa pili. Watalii wamekimbia fujo, alisema, meli za mtoni zinaelea tupu, bei zimeanguka. Akaacha kitabu cha picha mezani.

Mama akakifungua. Akapita mahekalu, akapita ngamia, akafika kwenye picha ya ukuta wa kaburi. Wanawake wengi wamechorwa, nguo nyeupe, mikono juu, machozi yamechorwa mashavuni kabisa, vidoti vidoti.

"Angalia hawa bamama," akasema. "Banalia muzuri."

Nikasema ndiyo, wanalia.

"Ni hapa nitamulilia mutoto yangu."

Nikajua anamsema nani. Miaka kumi hakuwahi kusema, lakini nikajua. Na hasira zikanipanda, sitadanganya. Nikamwambia: mama, kama ni kulia tu, si uko Buffalo? Nenda Niagara. Maporomoko yale yana kelele, hata ungepiga mayowe hakuna wa kukusikia.

"Nilishaenda," akasema. "Mara mbili, na basi. Maji mingi, kaburi hakuna. Na nani atanipokea?"

Kwetu kilio hupokewa. Wewe unaanza, wenzako wanaitikia, unakaa chini, wanakaa chini na wewe. Mtu hajililii peke yake kama mbwa. Mama kwa miaka kumi hakuwa na mtu wa kumpokea, kwa sababu kila mwanamke ambaye angempokea angeuliza nani amekufa. Sasa alikuwa ameona ukuta mzima wa wanawake waliokwisha kuanza, wasiouliza kitu.

Nilimpigia Précieux. Yeye yuko Louisville, kwenye kiwanda cha vifaa vya jikoni, na wakati ule alikuwa ameomba mchumba wake aletwe kutoka Uvira. Karatasi zilikuwa njiani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafoka.

"Donc mnataka kutuua! Kuna Watanzania humo, kuna wapiga simu. Mtu mmoja akijua wewe si wewe, ni uraia wa mama, ni wako, ni wangu, na mchumba wangu harudi kwenye foleni, anafutwa kabisa!"

"Mwambie wewe basi. Mimi ameshanishinda."

Alimwambia. Wakapatana, kwa namna yao: mama ataenda, atalia, lakini hatataja jina. Na mimi nitakwenda kama mlinzi. Précieux akanipa hata uongo wa akiba: ikitokea jina limemponyoka, niseme Bulonza lilikuwa jina la bibi yetu, nami nilirithi. Sasa niambie, kilio bila jina ni nini? Ni kelele. Lakini mama aliapa kwa Bikira Maria, na mimi nikaomba likizo.

Tuliruka wanawake tisa. Kutoka Kairo tukaenda Aswani, tukapanda meli, tukashuka na mto Nili kuelekea Luxor siku nne. Nisiseme uongo, mto ni mzuri. Mkubwa, umetulia, na huku na huku mashamba ya kijani, halafu ghafla jangwa, kama mtu aliyekata kwa kisu. Wauza shanga walituona weusi wakatuita Wanubi, karibuni nyumbani, nunueni. Askari mmoja aliona rangi zetu akataka karatasi, alipoona pasipoti za bluu za Amerika akamrudishia mama ya kwake kwa mikono miwili. Mama akacheka siku nzima.

Kwenye mahekalu alikuwa na maswali yake. Anafagia nyumba ya wazee kule Buffalo, kwa hiyo alipoona zile nguzo, kila moja nene kuliko kibanda chetu cha kambini, jambo la kwanza alilouliza ni nani alikuwa anafagia. Mwongozaji wetu, kijana aliyesoma, akasema makuhani walioga mara nne kwa siku. "Sikuuliza kuoga," mama akasema. Anti Agata akacheka mpaka akashika nguzo ya watu.

Lakini kila jioni, chumbani, aliniuliza: ni kesho? Nikamwambia bado, mama, makaburi ni Luxor, siku ya mwisho. Hakulala vizuri. Nilimsikia akipumua kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Siku ya mwisho ikafika. Wakatuvusha mto kwenda ng'ambo ya magharibi, kwenye bonde la wafalme. Tukashuka kwenye kaburi la kwanza. Miungu yenye vichwa vya mbwa. Nyoka. Nyota kwenye dari. Mama akazunguka kuta zote, akatoka. Kaburi la pili, vilevile. La tatu akasimama mlangoni tu.

"Hapa hakuna mutu analia," akaniambia.

Nilikwenda kwa mwongozaji na kile kitabu. Akatazama picha, akasema loo, hili si kaburi la mfalme, ni la waziri mmoja, liko upande mwingine wa mlima. Wafalme wanakwenda moja kwa moja kwa miungu, alisema, wanaoliliwa ni watu. Halimo kwenye ratiba. Sasa ni kwenda dukani kutazama vyombo vya mawe ya alabasta, kisha chakula cha mchana, kisha uwanja wa ndege.

Ajabu ya Mungu ni hii. Mimi niliyeipinga safari hii miezi mitatu, niliyeomba ivunjike, nilisimama mbele ya lile basi dogo nikamwambia dereva kwamba atanikanyaga kwanza. Nilipiga kelele kwa Kiingereza, nikamaliza kwa Kiswahili, na cha mwisho nadhani kilikuwa Kinande, lugha ya kwetu Butembo, nilichodhani nimekisahau. Mwongozaji akasema dada, alabasta ni ya bure. Nikamwambia alabasta aimeze. Mwisho Anti Agata akapiga kura palepale barabarani, mikono juu, na alabasta ikashindwa, nane kwa moja.

Kaburi la waziri ni chumba kikubwa kilichochongwa mwambani, kina nguzo na mwanga wa kutosha. Hapakuwa na watalii wengine, alikuwepo mlinzi tu mwenye kanzu. Na kwenye ukuta wa kushoto, hao hapo. Kundi zima, mikono hewani, wamegeuka upande mmoja, wakubwa kwa wadogo. Katikati yao kuna hata msichana mdogo ambaye nguo haijamwenea.

Mama alivua viatu. Akajifunga kitenge kiunoni. Akasimama mbele yao, akaweka mikono kichwani, akaanza.

Mwanzoni alishika kiapo. Ilikuwa sauti tu, ya chini, yeye na ukuta. Akina mama wakaacha kuzungumza. Nikajisemea, vizuri, alie hivyo hivyo, dakika tano, tuondoke. Halafu akakaa vumbini, na jina likatoka.

"Bulonza! Bulonza wangu ee! Bulonza, nilikutupa kwa mihogo ya batu! Sikukulilia, mutoto yangu, sikukulilia, Bulonza!"

Jina lilikwenda mpaka mwisho wa chumba likarudi. Mara kumi, mara ishirini. Wanawake saba wakageuka, wote kwa pamoja, wakanitazama mimi.

"Mama Précieux," Anti Agata akasema polepole, "Bulonza si huyu hapa?"

Uongo wa Précieux ulikuwa tayari ulimini: ni bibi yetu, Anti, nimerithi jina. Maneno machache tu. Nilimwona kaka yangu kiwandani Louisville, nilimwona na yule msichana wa Uvira anayesubiri. Nikamtazama mama pale chini. Alisikia swali, na mkono wake ulikuwa unatafuta upindo wa kitenge, unaupeleka mdomoni.

Hilo sikuliweza. Afadhali wanifukuze Amerika.

"Bulonza alikufa," nikasema. "Kambini, miaka kumi sasa. Alizikwa bila kilio ili sisi tupate kuondoka. Mimi ni mtoto wa jirani, nilipewa jina lake."

Mlinzi alikohoa. Anti Agata, yule wa kamati na ratiba, akavua kofia yake ya jua, akaketi chini na suruali yake nyeupe, akamtoa mama kitenge mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akafungua kinywa, akapokea. Kwa Kichaga, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Na wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka wote wako chini. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Walilia sana. Mama alimsimulia Bulonza kwa kilio, kama inavyotakiwa: alivyozaliwa njiani wanakimbia, alivyokataa maharage, alivyoimba vibaya na kuimba kwa nguvu. Mwongozaji alitaka kuingia kutuambia saa; mlinzi akamzuia mlangoni. Sauti ilipomwisha, mama alipangusa uso, na Anti Agata akamshika bega.

"Haya yatabaki humu humu," akasema, akiwatazama wenzake mmoja baada ya mmoja. "Atakayeyatoa nje, Mungu anamwona, na mimi namwona." Ikawa hivyo. Nami nikaamini, au niliamua kuamini. Précieux nitamwambia nini, hilo sikulijua.

Nikadhani tumemaliza. Nikainama kumwinua mama. Yeye akanivuta mimi chini.

"Bado," akasema. "Bon, bamama, munisaidie tena. Yule nilimuzika amekufa. Huyu nilimuzika muzima."

Akalaza kichwa changu mapajani mwake, akaweka mikono kichwani pake, akaanza upya, na sauti ile iliyokwisha ikatoka tena.

"Kavugho! Kavugho wa mama yake ee! Kavugho, nilikufunika na jina ya mufu, ukanyamaza!"

Na wale wanawake, ambao dakika ishirini nyuma hawakuwa wamewahi kulisikia jina hilo, wakalipokea. Kavugho ee, Kavugho. Mama yangu aliyenizaa alikufa kabla sijajua kufunga kitenge, na tangu siku ile hakuna aliyelitaja kwa kulia. Nililala pale nikikaliwa matanga yangu, mzima, nina miaka ishirini na minne, vumbi puani. Nikalia nao, kwa sababu anayeliliwa nilikuwa namjua.