Viti vya Mbele Chini ya Kreni

Patron Rodrigue, mwenye depo ya samaki, aliusoma mpango wa kunyanyua jenereta, tena kwa furaha, jambo ambalo lingepaswa kumtia Émerance wasiwasi mapema. Mpango ulisema kreni itasimama barabarani, jenereta itapita juu ya ukuta na juu ya ua hadi kwenye vyumba vya baridi vya samaki, na ua huo uwe mtupu kabisa. Patron aliona neno moja tu: mtupu. Ua mtupu katikati ya Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, ambako hata paka hupishana kwa zamu! Bahati kama hiyo haiachwi. Akaalika wageni kwenye sherehe ya jenereta.

Kwa hiyo siku yenyewe ilipofika, Émerance, msimamizi wa usalama wa depo, alikuta viti vya plastiki vimepangwa palepale alipozungushia utepe wa hatari. Utepe ulikuwa umefungwa mafundo ya maua. Ulipendeza, tuseme ukweli. Na kwenye kiti cha mbele kabisa, ndani ya kitenge kipya, alikaa mama yake mzazi, Mama Jeanne, kwa kuwa patron ni mtu wa adabu, hawezi kumsahau mama wa mfanyakazi wake.

"Patron, bantu habawezi kuikala hapa," Émerance alisema. "Groupe itapita juu ya vichwa vyabo," akaongeza, akionyesha jenereta.

"Njo vile minataka! Bataiona muzuri. Pasteur anashaomba, chaîne iko mupya. Uko naogopa nini?"

"Hata chaîne mupya inateleza," Émerance alisema, akiutazama mnyororo.

"Émerance, leo iko fête. Usituletee matanga."

Émerance akapuliza filimbi ya kusimamisha kazi. Dédé, dereva wa kreni, alimtazama yeye, akamtazama patron aliyemwajiri, akachagua usalama wa mkate wake. Jenereta ikapanda. Wageni wakapiga makofi, simu juu.

Hasira zilimpanda Émerance, lakini hasira hazimwondoi mgeni wa Lubumbashi kitini. Kinachomwondoa anakijua kila aliyewahi kuozesha au kuzika mjini hapa. Alikimbilia kwa wapishi akawaamuru wabebe vyungu vyote, ugali wa bukari, majani ya sombe, kuku, na makasha ya bia, wavipeleke nyuma ya stoo. Kisha akapaza sauti: "Chakula iko tayari! Wageni bakaribie!"

Loo! Mpango ulishindwa, filimbi ikashindwa, kuku akaweza. Waheshimiwa waliokuwa hawasogei hata kidogo walisogea mbio, patron nyuma yao akiwasihi warudi. Ua ukawa mtupu kama ulivyoandikwa.

Isipokuwa kiti kimoja. Mama Jeanne, binti wa mtu wa reli kutoka Kabalo, hakulelewa kukimbilia chungu. Alitulia, mikono magotini, akingoja kuitwa. Juu yake jenereta, Dédé akiwa ameisimamisha, ilining'inia imeinama upande. Mnyororo mmoja ulikuwa umeanza kuteleza, na kuusogeza mzigo hata kidogo kungeuangusha.

Émerance aliutazama mzigo ule. Kisha akaingia chini yake.

"Mama, tutoke!"

"Habayaniita."

"Minakuita miye!"

"Weye uko mutoto. Mugeni anaitwa na heshima."

Kubishana na mama huyu kulihitaji mchana mzima, na mchana mzima haukuwepo. Émerance akapiga magoti vumbini, chini ya chuma kile chote, akapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa. "Mama, tunakuomba, karibu ku chakula." Mama Jeanne akafikiri. Akasimama. Akakaza kitenge chake, Mungu wangu, akakilegeza na kukikaza upya! Ndipo akatembea.

Walikuwa ndiyo kwanza wanafika ukutani kwa stoo mnyororo ulipoachia. Jenereta iliangukia safu ya mbele, na viti vikawa vipande vipande.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa patron. Alimshukuru Mungu, akamshukuru pasteur, akamshukuru Dédé kwa umakini wake, kisha akamgeukia Émerance: kwa nini amepita chini ya mzigo, wakati ni yeye mwenyewe aliyekataza? Atajieleza kesho, kreni itakaporudi kuondoa hicho kilichoanguka.

Émerance alikuwa analia, ameushika mkono wa mama yake kwa nguvu zote. Mama Jeanne ndiye aliyejibu.

"Patron," alisema kwa upole, "kesho mukipandisha tena, ile kiti ya mbele muikale mwenyewe. Na mama yenu kando."