Joselyne Kauza Saluni

Nitasema mwenyewe kabla sijasemwa: Joselyne ananichoma roho. Hajanikosea kitu. Tumekua pamoja Buyenzi, kule Bujumbura, tukarudi Rwanda mwaka mmoja, na alipofungua saluni yake Gisimenti, hapa Kigali, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusukwa pale. Lakini mwaka jana aliiuza ile saluni, na viti vyake na vioo vyake, akalipia masomo ya ukochi. Si kochi wa mpira, la. Kochi wa maisha.

"Anafundisha timu gani?" mume wangu Silvère aliuliza nilipompa habari, nami nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mzaha huo niliurudia kwa kila mteja aliyeingia dukani kwangu Kabeza, ninakouza vitenge. Mwanamke wa miaka hamsini anauza kazi inayomlisha ili akafundishwe kuongea na watu! Kwani mimi nilifundishwa na nani? Watu wananiletea ndoa zao mbovu kila siku, wanakaa juu ya marobota yangu, nawapa ushauri bure, tena wengine wanaondoka na kitenge.

Yeye alisoma miezi na miezi kwenye kompyuta, walimu wako Nairobi. Siku aliyopewa cheti alivaa mushanana kama anayekwenda harusini, akapiga picha akatutumia wote. Picha hiyo niliitazama mara nyingi kuliko nilivyotaka. Alikuwa anacheka kama msichana. Nikaizima simu, nikaenda kumgombeza Silvère kwa sababu ya chumvi.

Yote hayo ningeyameza. Mwenye wivu ajinyonge, na mimi kamba sikuwa nayo. Ila Joselyne aligusa kilicho changu.

Kaka yangu Gatera ana binti anayeitwa Aurore. Mimi ndiye shangazi yake pekee, na kwetu, binti akikaribia kuolewa, shangazi wa upande wa baba ndiye anayemkalisha mkekani na kumpa maneno. Mama mzazi anakaa kimya, majirani wanakaa kimya. Shangazi anasema, binti anainamisha kichwa, hajibu. Na akilia ndiyo vizuri, maana bibi harusi asiyelia anaonekana alikuwa na haraka ya kutoka kwao. Nimekalisha mabinti wengi wa ukoo wetu na hakuna aliyeinuka mkekani macho makavu. Huyu Aurore nilikuwa namngoja tangu anatambaa.

Basi, harusi ikiwa imekaribia, Gatera akanipigia simu.

"Dafroza, mtoto anaomba na Joselyne aseme kidogo. Nyuma yako."

"Joselyne ni nani kwetu?"

"Si ni rafiki yako? Anasema iko na masomo ya hiyo kazi."

"Na mimi niko na damu!" nikamkatia simu.

Siku nzima sikula. Nilijiambia nisiende, kisha nikajiambia nisipokwenda atakaa mahali pangu. Nikashona nguo mpya.

Jumapili baada ya misa wanawake walijaa sebuleni kwa Gatera. Chai ya maziwa, maandazi, fanta za kila rangi. Aurore aliketi mkekani na kitenge begani, mama yake Mukeshimana nyuma yake. Joselyne alikuja na gauni la kawaida tu, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Hata hilo lilinikera. Nilitaka aje amejipamba ili nipate la kusema.

Nilisimama. Siku hiyo maneno yalinijia yenyewe.

"Umugeni, bibi harusi wetu, tega masikio. Sasa weye ni wa Arnaud na wa kwao. Mume akisema tukae huku, mnakaa. Akisema hii kazi acha, unaacha, Mungu atakupa ingine. Ya jikoni yabaki jikoni. Na mama mkwe akikukanyaga mguu, muombe samahani kwa kuuweka pale!"

Wanawake walicheka mpaka wakapigana makofi. Aurore akaanza kulia. Machozi yalimtoka kweli kweli, yanadondoka mkekani, na Mukeshimana naye akajifuta kwa ncha ya kitenge. Vigelegele vikapaa. Nikakaa, nikanywa fanta yangu, nikamtazama Joselyne. Haya, nikasema moyoni, ongeza kitu hapo kama unaweza.

Hakusimama. Aliteremka kwenye kiti akaja kukaa mkekani, uso kwa uso na Aurore, akangoja vigelegele viishe.

"Aurore," akasema, "unalia nini?"

Sebule nzima iliangua kicheko.

"Yewe Joselyne!" nikasema. "Nani anauliza umugeni kwa nini analia? Huko Nairobi hawaolewi?"

Walicheka zaidi, na sikufichi, nilisikia raha mwilini. Lakini Joselyne hakucheka wala hakunigeukia. Alinyamaza tu, macho kwa yule mtoto. Kicheko kikapungua. Mtu akakohoa. Mwingine akakoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Mimi kimya cha namna ile sikiwezi, nikafungua mdomo kukijaza, Mukeshimana akanifinya paja.

"Mama Arnaud amesema nikifika kwao Busanza naacha shule," Aurore akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini wote tuliisikia. "Ameshaambia watu. Nitabaki dukani kwake. Na mimi imebaki mwaka moja tu nimalize uuguzi. Arnaud nampenda, sha. Lakini nikiacha sitarudi, najijua." Kisha akanigeukia. "Masenge, mbabarira. Shangazi yangu, nisamehe. Na weye umesema niache."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilitazama chupa yangu ya fanta.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Gatera aliitwa kutoka uani alikokuwa na wanaume, Arnaud akapigiwa simu akaja na pikipiki, jasho linamtoka. Alisema mpango wa mama yake alikuwa anaujua, ila Aurore hakuwahi kuukataa, kwa hiyo alidhani ameridhika. Alimpigia magoti palepale mbele yetu. Wazee wa pande mbili wakakutana, harusi ikasogezwa mbele mpaka Aurore amalize masomo, na mama Arnaud mpaka leo ananipita njiani kama nguzo ya umeme. Lakini ilikubalika.

Na nani alisifiwa Kabeza nzima? Nadhani mnajua. Wanawake walikuja dukani kwangu, wakakaa juu ya marobota yangu, wakaniomba namba ya Joselyne. Niliwapa. Mmoja nilimpa iliyokosewa, makusudi.

Wiki ikapita nikashindwa kulala vizuri. Nikafunga duka mchana kweupe, nikaenda Gisimenti kumwambia Joselyne ukweli wake. Amepanga kachumba nyuma ya mahali wanapochoma mishikaki. Viti viwili, meza, pazia. Nilimkuta peke yake.

"Umekuja kunigombeza," akasema.

"Ndiyo. Lakini kwanza niambie. Hii kazi inalipa?"

Alicheka kidogo, akatikisa kichwa. "Bado. Kuna wiki nakaa hapa nanusa tu mishikaki ya watu. Anakuja mmoja, analia, anasema asante, harudi tena. Saluni ilikuwa inanilisha, Dafroza. Kuna siku naamka najiuliza nani aliniroga."

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja mwaka mzima, na yalipofika niliyafurahia, kwa nini niseme uongo? Furaha yenyewe haikukaa.

"Na ile ya kunyamaza," nikasema, "ndiyo uliuza saluni kwa sababu yake?"

"Ile ilikuwa ngumu kuliko zote. Walimu walinirudishia zoezi hilo mara nyingi. Nilikuwa naongea sana, kama weye."

"Ulinivua nguo mbele ya watu, Joselyne! Mbele ya ukoo wangu!"

"Pole. Sikukusudia."

"Mtoto wa juzi analia kidogo tu, anaulizwa unalia nini, harusi inasogezwa, wazee wanaitwa, bwana harusi anapiga magoti! Sisi nani alituuliza? Mimi nililia mkekani mpaka sauti ikakatika, Buyenzi nzima ikapiga vigelegele. Weye ulikuwepo. Ulipiga na weye!"

Sikuwa nimekwenda kule kusema hayo. Sijui yalitoka wapi. Joselyne aliangalia chini.

"Nilipiga," akasema.

Akanyamaza. Nje mtu alikuwa anaita oda ya ndizi za kuchoma.

"Usininyamazie! Mimi si mteja wako."

"Sikunyamazii. Naogopa kuuliza."

"Uliza. Si ndiyo kazi uliyosomea? Uliza!"

"Ulikuwa unalia nini, Dafroza?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni machozi ya bibi harusi, kila mtu anayajua. Silvère ni mtu mwema. Hajawahi kuniinulia mkono, watoto wetu wamekua, na ukimuuliza yeyote Kabeza atakuambia nimeolewa vizuri. Siku ile mkekani nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na nilikuwa mtu wa kwanza darasani.

"Ule mtihani wa kwenda kusomea ualimu," nikasema. "Weye ulianguka. Mimi nilifaulu."