Mgeni wa Kulipa

Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka wa 1972, baada ya misa ya pili, Papa Constantin alinawa mikono, akaketi mbele ya bugali, akamwambia mke wake maneno ambayo Maman Rosalie alidhani ni mzaha. Alisema anataka kurudi kule kisiwani alikofanya kazi miaka kumi na tisa. Kazi haombi tena. Anataka kulala siku mbili katika nyumba za wageni, kula mezani, na kuingia chini ya maji na chupa ya hewa mgongoni. Na anataka kulipa.

"Kulipa nani?" aliuliza Rosalie.

"Patron. Mugeni analipaka patron."

"Na feza itatoka wapi?"

Constantin alimega bugali. Jibu lilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo wa sanduku ulikuwa unaning'inia shingoni mwa Rosalie pamoja na medali ya Bikira Maria.

Tuelewane mapema, maana watu wa mtaa wa Cimpunda walikuja kulisimulia jambo hili vibaya. Constantin hakuwa mlevi, wala hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa amestaafu wiki sita zilizopita na kupewa pesa za kumaliza kazi, décompte kama wanavyosema maofisini. Rosalie alikuwa amekwisha kuipangia ile décompte kazi yake, na kazi yenyewe ilikuwa paa. Mabati ya nyumba yao yalikuwa mazee kuliko mtoto wao wa kwanza. Msimu wa mvua walihamisha kitanda mara tatu kwa usiku mmoja, na mvua ya Bukavu mnaijua, ikianza mwezi wa tisa haimuulizi mtu kama yuko tayari. Rosalie alikuwa ameshaenda dukani kuyachagua mabati mapya. Aliyagonga kwa kidole, akayasikiliza, akayapenda.

"Constantin," alisema, "unataka tulale mu maji juu wewe uende kuogelea?"

Jina lenyewe, kama majina yote ya Kizungu, lilikuwa limekatazwa na serikali tangu mwanzo wa mwaka ule. Kwenye karatasi za serikali Constantin alikuwa citoyen, yaani mwananchi, mwenye jina la babu yake. Ila Rosalie alisema mdomo wake umezoea kugombana na Constantin, na hana nguvu ya kuanza upya na mtu mwingine.

Kile kisiwa kiko mbali, nusu siku ya mashua kuelekea kaskazini. Mbelgiji mmoja, ndiye Patron, alijenga pale nyumba kumi za nyasi na chumba cha kulia, na wazungu walitoka hata Kinshasa kuja kuzama katika ziwa. Kazi ya Constantin ilikuwa mashine ya kujaza hewa. Alijaza chupa, akawafunga wageni mgongoni, akasimama majini kuishika mashua wakiwa chini, akawavua walipotoka. Wakitoka walisema wote kwa pamoja, macho yamewatoka, na yeye amesimama nyuma yao akifungua mikanda. Mara nyingi aliwauliza wameona nini. Walimjibu, "Ah, Constantin, lazima uone mwenyewe." Siku moja alipiga moyo konde akamwomba Patron amruhusu naye aingie. Patron, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpiga bega akasema, "Siku moja." Hiyo siku moja ikazeeka pamoja na Constantin.

Rosalie naye alikuwa binti wa kutoka Walungu, muuza unga katika soko la Kadutu, na muuza unga hakatai kitu kabla ya kukishika na kukionja. Jumatatu mashua ya kisiwa iliposhuka mjini kuchukua vyakula, alikwenda ufukweni kumtafuta Grégoire. Huyu Grégoire ndiye aliyeachiwa ile mashine, baba wa watoto watano, mpole, mwenye kuogopa kila kitu chenye saini.

"Grégoire, niambie bila kuficha. Ile mutu analipa kule, anapata nini?"

"Anapata kitanda, maman, na chandarua. Anakula mara tatu. Kiisha anaingia mu maji dakika makumi mbili."

"Na mu maji kuko nini?"

Grégoire alifikiri. "Bazungu banasemaka kuko mawe. Na samaki kidogo-kidogo."

"Basi mutu anatoka Kinshasa juu ya kuona mawe."

"Njo vile, maman."

Rosalie alitaka kuondoka pale pale na jibu lake, lakini Grégoire alimvuta kando. Alimwambia kuna njia. Kila Jumanne Patron mwenyewe anashuka Bukavu, anarudi Jumatano. Papa Constantin apande mashua Jumatatu kama mtu anayekwenda kusalimia wenzake. Jumanne watamfunga chupa nzuri, ataingia, atatoka, mashine itapanguswa, na hakuna atakayejua. Bure kabisa. Rosalie alimtazama yule mtu akamwona kama malaika. Katika mji huu, tangu lini mtu mwenye ndugu ndani akapitia mlango wa mbele na pesa mkononi? Alimwahidi Grégoire kuku, akapanda kilima cha Cimpunda bila kupumzika hata mara moja.

Alimkuta mumewe uani akitengeneza kiti. Alimweleza yote, mpaka kuku. Constantin aliendelea kupiga msumari mpaka ukaingia wote, ndipo akaweka nyundo chini.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini? Utaingia mu maji. Shi njo unataka?"

"Rosalie, kuingia kwa kuiba, ningeingia zamani. Ufunguo ya depo ya mashine ilikuwa kwangu myaka kumi na tisa. Patron alikuwaka anashuka Bukavu kila mardi. Hakuna hata mardi moja niliingia."

"Juu ya nini?"

"Juu nilikuwa mutu wa kazi. Mutu wa kazi akiingia, ameiba. Mimi nataka mutu anifunge mikanda. Nataka aniulize kama niko muzuri. Nikitoka, aniulize niliona nini."

Rosalie alikasirika, tena sana. Alikuwa ameshinda kutwa nzima akihangaika, na sasa anaambiwa tatizo si pesa, tatizo ni kuulizwa. Siku tatu alizungumza na sufuria. Akitaka kumwambia mumewe chakula kiko tayari, aliiambia sufuria kwamba kuna watu wanaoletewa bure wakakataa, na sufuria ilikaa kimya, na Constantin akaja akala.

Ijumaa alilifungua sanduku, akafunga pesa zote katika kitambaa na kwenda kununua mabati. Muuzaji alimuuliza anataka ngapi. Rosalie akaanza kufungua fundo la kitambaa. Alikuwa amejiuliza tu, ili kumaliza hasira yake vizuri, mwanaume huyu amekula pesa ngapi tangu waoane. Akaanza kutafuta kitu kimoja ambacho Constantin alijinunulia, akakikosa. Viatu vyake viliachwa na mgeni. Kofia iliachwa na mgeni. Shati la misa lilikuwa la daktari mmoja aliyelisahau nyuma ya mlango, na miwani ya kusomea ilisahauliwa mezani na mwanamke wa Kijerumani. Bahasha ya kila mwezi alikuwa akiileta haijafunguliwa. Mtu wa miaka hamsini na nane, na mwilini mwake hakuna hata kifungo alichokilipia mwenyewe. Rosalie alilishika bati moja, akaligonga kwa kidole, akaliacha.

"Maman, ngapi?" aliuliza tena muuzaji.

"Nusu," alisema Rosalie. "Upande wa kitanda."

Nyumbani alimwambia Constantin kwamba siku mbili hapana, watalala siku moja tu. Na kwamba watakwenda wote wawili, maana kama ni pesa kupotea, aione kwa macho yake inavyopotea. Constantin akatoka nje kwenda kuyapanga mabati vizuri, ingawa yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Patron aliwapokea kwenye gati la mbao. Alicheka, akashika mkono wa Constantin kwa mikono yake miwili. Hata hivyo aliandika risiti, na Constantin akaikunja mara nne. Katika chumba cha kulia walikaa karibu na dirisha. Mpishi alileta supu, akasimama akisubiri Constantin aonje, na Constantin akaonja, akasema iko muzuri, na wote wawili wakaona haya. Rosalie peke yake ndiye aliyekula kwa raha. Alikuwa ameilipia na alitaka kuifikia mpaka chini ya sahani.

Asubuhi iliyofuata, wakati wa kahawa, mashine ya hewa ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Walisikia Grégoire akiivuta kamba, akiivuta tena. Baada ya muda Patron alikuja mpaka mezani, mikono ina mafuta.

"Constantin, rafiki yangu. Dakika kumi tu. Wewe unaijua."

Constantin alikuwa ameshanyanyuka nusu. Miaka kumi na tisa haitoki mwilini kwa wiki chache, kitambaa cha mezani alikuwa amekishika tayari kama cha kufutia mafuta. Rosalie aliweka mkono wake juu ya goti la mumewe na kulibonyeza.

"Patron," alisema, "uyu ni mugeni."

Patron akawa mwekundu. Kwa kweli lilikuwa jambo gumu: bila mashine hakuna hewa, bila hewa hakuna kuzama, na pale kisiwani mtu wa kuiponya ile mashine alikuwa mmoja. Akiinuka, amerudi kazini. Akikaa, amekuja bure na nusu ya paa lake imekwenda na upepo. Rosalie mwenyewe aliliona hilo akaanza kujuta mkono wake.

Constantin aliketi tena. Kisha akasema, "Mubebe kiti."

Basi wakabeba kiti mpaka depo, na Constantin akakaa juu yake mbele ya mashine, mikono juu ya magoti. Grégoire alipiga magoti chini na spana mkononi. "Mukanda umelegea," alisema Constantin. "Hapana ule. Wa nyuma. Kaza pole-pole. Sasa toa kichujio, pangusa." Vidole vyake vilikuwa vinakaza hewa juu ya magoti, lakini hakugusa chuma. Robo saa ikapita. Grégoire akavuta kamba, na mashine ikaamka.

Patron alifurahi mpaka akasema atapunguza bei. Masikio ya Rosalie yakasimama.

"Hapana," alisema Constantin. "Tulishalipa yote."

Rosalie alilimeza neno hilo, lakini lilimkwaruza.

Patron alimfundisha Constantin kwanza kwenye maji ya magotini, kupumua na kuzibua masikio, saa nzima. Halafu mashua ikapelekwa mbele kidogo ya gati, pale jiwe linapokatika na ziwa linakuwa jeusi. Upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma. Grégoire alisimama juu ya ukingo wa jiwe, maji kifuani, akiishika mashua isigongwe. Patron alifunga mikanda ya Constantin. "Uko muzuri?" aliuliza. Constantin aliitikia kwa kichwa, akashuka ngazi, akapotea.

Rosalie alikuwa gatini, amevua viatu, hata yeye hakujua kwa nini. Alishika rozari. Aliona mapovu yakizunguka, yakienda mbali, yakirudi. Alimwahidi Bikira Maria kwamba huyu mtu akitoka hatamgombeza mpaka Noeli, halafu akapunguza, akasema mpaka mwisho wa mwezi.

Akatoka. Walimwongoza mpaka gatini, wakamvua chupa, wakampa taulo nyeupe kubwa ya wageni. Patron aliinama mbele yake, anatabasamu.

"Haya, Constantin. Uliona nini?"

Constantin alikuwa anapumua. Alimtazama Patron, akamtazama mke wake, kisha akajibu kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Mawe. Samaki kidogo-kidogo, vile banasemaka. Maji ya kijani, na chini nyeusi." Akaivuta taulo mabegani. "Na miguu ya Grégoire."

"Miguu?" alisema Rosalie.

"Ukishuka, kitu ya kwanza unaona ni miguu ya mutu anashika mashua. Iko mbele yako, karibu sana. Inatetemeka, Rosalie. Ile baridi, inatetemeka kama ya mutoto. Nilikuwaka nasimama pale masaa mbili, masaa tatu. Nilizaniaka ile miguu inajificha ndani ya maji." Alifuta uso. "Kumbe wageni walikuwa wanaiona. Kila siku, bote, myaka kumi na tisa."

Patron alikuwa bado ameinama. Akaanza kukunja mikanda ambayo haikuwa kazi yake kuikunja.

Grégoire alikuwa bado ndani ya maji na kamba mkononi, akingoja kuambiwa. Constantin alisimama, akaitoa taulo mabegani mwake, akatembea mpaka mwisho wa gati.

"Toka," alisema. "Kuja ujipanguse."

Grégoire alitoka nje, maji yanamchuruzika, midomo imekuwa ya majivu. Hakuishika taulo. Alikuwa anamtazama Patron.

"Twaa, Grégoire," alisema Maman Rosalie. "Tuliilipa."