Fremu ya Mlango wa Fundi

Daktari wa mifupa alieleza taratibu. Mgongo uliopinda kidogo huangaliwa tu. Ukizidi, mtoto anayekua huvalishwa gamba la plastiki, kuanzia nyonga hadi kwapani. Ukikaidi kabisa, hupasuliwa ukafungwa vyuma. Mgongo wa binti aliyeketi mbele yake na baba yake, uliopinda kwa nyuzi thelathini, ulikuwa wa gamba.

"Baada ya miezi sita tutapiga picha nyingine," alisema.

Baba mtu, fundi mwashi, miezi sita aitoe wapi? Nyumba aliijenga kwa mikono yake, na tangu apaue hakuwahi kuning'iniza humo timazi, ule uzi wenye chuma wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Kuupima ukuta wake, kwa maoni yake, kulikuwa kuutukana. Basi kila Jumamosi, kabla ya chai, alimsimamisha binti kando ya fremu ya mlango wa sebuleni, kisigino kikigusa mbao, akapima pengo kati ya bega na mbao. Sentimita moja. Moja na nusu. Mbili.

"Unalala vibaya wewe!"

Kitanda kikatolewa, binti akalazwa juu ya mlango wa akiba. Wageni wakaombwa wakae kulia kwake tu, wasije wakamvutia kushoto. Mama aliposema, "Mume wangu, akili zimekuruka," aliambiwa asiingilie mambo ya kitaalamu.

Pengo lilipofika sentimita nne, fundi alilipima tena. Jioni akasema, "Jiandae, mwanangu. Ni kisu." Binti alilia ndani ya gamba lake, na gamba halimpi mtu nafasi hata ya kujikunyata alie vizuri.

Miezi sita ilipotimia, picha mpya ikatoka: nyuzi thelathini, palepale. Daktari akampongeza binti.

"Mashine yako imechoka, daktari," fundi akamkatiza. "Mimi nimepima kwenye fremu yangu."

Walipofika nyumbani, binti hakuvua hata viatu. Alichukua mfuko wa kazi wa baba yake, akatoa timazi, akapanda kiti na kuitundika juu ya fremu. Kipande cha chuma kikayumba, kikatulia. Chini, uzi uligusa ukingo wa mbao. Juu, vidole vitatu vilipita katikati.

"Baba, ulikuwa tayari nipasuliwe mimi," binti alisema, "kuliko ukuta wako uwe umepinda."

Aibu ilimshika fundi, akakaa sakafuni palepale mlangoni.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sasa tufanyeje?"

Binti alivuta pumzi, kiasi gamba lilivyoruhusu. Hasira ilikuwa bado, lakini hofu ya kisu ilikuwa imekwisha.

"Kuna njia tatu," alisema. "Ya kwanza, tunaweza kusubiri tu, tuangalie."

Baba alikumbuka pengo lilivyokua Jumamosi baada ya Jumamosi, akatazama dari. Akamshika mkono, akamtoa nje kwanza, kisha akaenda kutafuta miti ya kuuvalisha ukuta gamba.